Kinachoyaua Magari Yetu Huku Kusini

Hotuba kwa vijana wanaohitimu ufundi wa umeme wa magari, Mtwara

Ndugu mgeni rasmi, walimu, wazazi wenzangu mliotoka Mikindani na Naliendele, na nyinyi mliopanda basi la alfajiri kutoka Newala, madereva mliokubali kukosa abiria wa asubuhi ili mtusikilize, na nyinyi vijana wangu mlioketi mbele na ovaroli ambazo bado hazijaonja oili: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo halipiti wiki bila kuulizwa pale gereji. Hata msibani mtu hunivuta pembeni na kuniuliza: fundi, ninunue gari la zamani lisilo na makompyuta, au hili la kisasa? Lipi litadumu hadi linizike? Mara nyingi muulizaji keshajijibu moyoni. Anachotaka ni nimwambie kwamba ya zamani yalikuwa chuma na ya sasa ni plastiki na waya. Mimi leo nitalijibu polepole, maana nyinyi ndio mtakaoulizwa baada yangu.

Niliingia gereji mwaka 1994, pale Chikongola, nikiwa saidia fundi. Wakati ule kwenda Dar es Salaam ilikuwa safari ya kuagana na watu. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo ni kivuko, na ukishavuka kuja huku una kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga, kiangazi mchanga, masika tope la kumeza ekseli. Lori likilala mle ndani, fundi ni dereva na utingo wake. Nimeona kwa macho yangu tangi la dizeli lililotobolewa na jiwe likizibwa kwa sabuni ya kipande, hii hii ya kufulia. Ilikandwa ikashindiliwa kwenye tundu, na lori likafika Lindi. Nimeona pointi za kwenye distributa, vile vyuma vidogo vinavyokata na kuunganisha umeme wa plagi, zikisuguliwa kwa ubavu wa kiberiti, ule upande wa kuwashia njiti, na injini iliyokuwa imegoma tangu usiku ikaitika mara moja.

Ndiyo sababu wazee wetu wanayalilia yale magari, na wana haki. Lakini tusikilize vizuri wanacholilia. Magari yale yaliharibika mno. Pointi zililika, kila baada ya kilomita elfu kumi hivi unafungua kifuniko unazisawazisha upya. Kabureta, kile chombo cha kuchanganya hewa na petroli, inaziba, unaipuliza kwa mdomo. Asubuhi ya baridi kule juu Newala nusu ya magari yalisukumwa. Dashibodi nyingi zilikuwa na tarakimu tano tu, zikifika 99,999 zinarudi sifuri, na gari lililoumaliza mzunguko wa pili bila injini kufunguliwa lilikuwa la kusimuliwa. Sifa yake kubwa ni kwamba lilitengenezeka pale pale lilipolala, kwa mikono iliyokuwepo. Leo napokea vigari vya petroli vyenye kompyuta vimetembea kilomita 250,000, hata 300,000, na hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, haijaguswa tangu kiwandani. Sifa hizo mbili, kudumu na kutengenezeka, watu wengi hudhani ni kitu kimoja.

Halafu kuna jambo la hesabu. Mtu ananionesha Land Rover ya miaka ya sabini inayobeba mahindi Nanyumbu, ananiambia, umeiona? Nimeiona, na naiheshimu. Lakini dada zake waliotoka nayo kiwandani siku ile hawapo. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu. Wengi wao leo ni masufuria jikoni kwetu. Tunahesabu waliobaki, tumesahau waliokufa.

Na kama kuna watu ambao wangepaswa kulijua hili bila kuambiwa, ni sisi wa Mtwara na Lindi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga: Kongwa, Urambo, na huku kwetu Nachingwea. Bandari hii yetu ni mtoto wa mradi ule. Waliagiza matrekta mengi, mengine masalia ya vita yaliyokusanywa hadi Ufilipino. Ndani ya matrekta yale hakukuwa na sensa, kile kifaa cha kupima na kuiarifu kompyuta, wala waya wa kompyuta hata mmoja. Ni chuma, mafuta na maji. Yakafa kwa mafungu. Ardhi ilikuwa ngumu kuliko walivyodhani, waendeshaji walifundishwa harakaharaka, spea hazikufika. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mzee mmoja aliyekuwa kijana Nachingwea wakati huo aliniambia watoto walikuwa wakicheza juu ya vyuma vile. Kwa hiyo mtu akiniambia chuma tupu hudumu, namkumbusha Nachingwea. Chombo hudumu pale palipo na mtu anayekijua na spea inayofika.

Sasa kompyuta zilikujaje? Hazikuletwa ili kumkomoa fundi. Mwaka 1970 Marekani walitunga sheria kali ya hewa safi, na kufikia magari ya 1975 mengi yalifungwa kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Vichujio bora vilivyofuata vinafanya kazi vizuri pale tu mchanganyiko unapokuwa karibu sana na sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Kabureta haiwezi kushika kipimo hicho barabarani, ukipanda mlima na kushuka. Ikabidi iwepo sensa ya oksijeni kwenye ekzosi ya kuonja moshi, na ubongo wa kusikiliza ile sensa na kupunguza au kuongeza mafuta papo hapo. Volvo walianza kuuza magari ya namna hiyo kwa mwaka wa 1977. Ndiyo chimbuko. Faida tuliyoipata sisi ni kwamba petroli inayozidi haioshi tena oili kwenye kuta za silinda, na hiyo ni sababu mojawapo ya zile kilomita 300,000 nilizozitaja.

Basi niseme nililokuja kulisema. Kwa miaka yote niliyofungua magari katika mkoa huu, kompyuta yenyewe, ile tunayoiita kontroo boksi, nimeikuta imekufa mara chache sana. Kinachokufa ni njia ya kuifikia: waya, soketi, na ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye mwili wa gari na hasi ya betri. Na kinachomaliza mfuko wa mwenye gari ni fundi anayebahatisha.

Sikilizeni habari ya mama mmoja wa Mikindani. Gari lake dogo la Kijapani, la mwaka 2004, ndilo lililokuwa likimpelekea bidhaa dukani. Likaanza kumisi. Asubuhi liko salama, ikifika saa nane mchana, jua limewaka, linakatika katika, gia zinaingia kwa kishindo, taa ya injini inawaka. Akaenda gereji ya kwanza, akabadilishiwa koili zote nne. Ya pili, pampu ya mafuta. Ya tatu wakamwambia kontroo boksi imeungua, ikaagizwa ya mtumba kutoka Dar es Salaam, ikafungwa, gari likawa vile vile. Aliponifikia alishusha pumzi akaniambia, "Mwanangu, korosho zote za msimu zimeingia humu ndani, na bado silitumii."

Sikufungua kitu. Nilichukua testa, kile kipimo cha umeme, ncha moja nikaishika kwenye hasi ya betri, ncha nyingine kwenye mkusanyiko wa waya za kahawia zilizofungwa kwa bolti moja ya namba 10 kwenye mwili wa injini. Hizo ndizo ethi za kompyuta. Injini ikiwa inanguruma, pale kati ya betri na bolti panatakiwa pasiwe na tofauti yoyote ya maana, isifike hata sehemu ya kumi ya volti. Testa ikasoma 0.9.

Nawaomba muelewe maana ya namba ile. Sensa nyingi za gari zinazungumza kwa lugha ya volti 0 hadi 5. Ikiwa ethi ya kompyuta imeelea juu kwa karibu volti nzima, kompyuta inaambiwa uongo na kila mtu kwa wakati mmoja, na yenyewe, kwa uaminifu wake, inatii. Nilifungua ile bolti. Chini ya kichwa chake palikuwa na unga wa kijani, rangi ya embe bichi, umetanda kati ya kishikio cha waya na chuma. Ni chumvi ya bahari yetu na shaba. Nikapiga msasa mpaka shaba ikang'aa, nikafunga, nikapaka grisi juu. Testa ikasoma 0.02. Mama yule alikaa pale mpaka saa tisa, jua kali, injini ikinguruma, hakutaka kuamini. Gari lile linatembea mpaka leo.

Unga ule wa kijani ndio adui wetu, vijana. Wenzetu wa Dodoma au Singida hawana tatizo hili kama sisi. Sisi tunalaza magari Shangani ambako upepo wa bahari unaacha chumvi kwenye kioo hadi alfajiri. Wengine siku ya Idi wanaendesha mchangani kule Msimbati, mawimbi yanagusa tairi, wanarudi wamefurahi, na chini ya gari kumelowa maji ya chumvi ambayo hawayaoshi. Na ambao wanaosha wanakosea upande mwingine: wanafungua boneti, wanapigisha maji ya presha juu ya injini. Maji yale yanapenya kwenye soketi zilizozeeka mipira. Mwambieni mteja aoshe chini ya gari kwa maji matamu, na injini aifute kwa kitambaa. Panya nao msiwasahau, hasa msimu wa korosho gari likilala jirani na ghala.

Hapa nina deni la kuwaungamia. Mwaka 2009 nilimuuzia mwalimu mmoja wa Newala kontroo boksi ambayo hakuihitaji. Gari lilikuwa likizima njiani, mimi nikapima kidogo, nikabahatisha sana, nikamwambia ubongo umekufa. Alikopa ili anilipe. Baada ya wiki tatu akarudi, gari limezima tena, na safari hii nilikaa chini nikafuata waya mmoja mmoja mpaka kwenye soketi ya pampu ya mafuta, chini ya kiti cha nyuma, pini moja imelegea na kuungua. Kazi ya dakika kumi. Nilimrudishia fedha zake kwa awamu nne, na hakunilaumu hata kwa neno moja. Ule upole wake umenikaa moyoni zaidi ya matusi yote niliyowahi kutukanwa. Tangu siku ile sibadilishi kitu ambacho sijakipima.

Mashine ya kusoma makosa mnayo, na mmefundishwa. Tangu magari ya 1996 kule Marekani ile soketi ya pini 16 ni lazima kwa sheria, na dunia nzima imefuata kwa hatua. Lakini mashine inakupa namba ya hitilafu, haikupi jibu. Ikikuonesha P0171, maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Fundi mvivu anasoma hapo na kuagiza sensa ya oksijeni. Lakini sensa ile ndiyo iliyokupigia kelele! Ndiyo shahidi. Nenda katafute mpira uliopasuka nyuma ya manifoldi, bomba za kuingiza hewa kwenye injini, pima presha ya petroli, angalia kama chujio la petroli limeziba au sensa ya hewa imejaa vumbi la barabara ya Tandahimba. Humfungi shahidi ukamwacha mwizi.

Na kwa magari mapya zaidi, yale ambayo kompyuta zake zinaongea zenyewe kwa zenyewe kupitia waya mbili zilizosukwa pamoja, mfumo ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986, kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji mashine ya mamilioni. Toa betri. Weka testa kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa waya. Gusa pini namba 6 na namba 14 za ile soketi. Ukisoma omu 60, njia kuu ni nzima. Ukisoma 120, waya umekatika mahali au kizuizi kimoja cha mwisho hakipo. Ukisoma sifuri, zimegusana. Testa ya bei ya kawaida inakuambia hayo yote, kabla hujafungua hata skrubu moja. Wapo watu wamelipia lori la kubeba gari hadi Dar es Salaam kwa kukosa kipimo hicho.

Nimeyatetea ya kisasa vya kutosha. Sasa niseme yanaposhindwa, kwa sababu yanashindwa, na mteja anastahili kuambiwa kabla hajatoa fedha.

Kwanza ni dizeli. Tairi la gari dogo tunalijaza upepo wa baa 2 na ushei. Injini za dizeli za kisasa zinasukuma mafuta kwenye nozeli, vile vinyunyizio vya mafuta, kwa mgandamizo unaofika baa 2,000, karibu mara elfu moja ya tairi. Nafasi kati ya vyuma ndani ya nozeli hizo ni ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Sasa chukua injini hiyo uipeleke kijijini ambako dizeli inauzwa kwa dumu, dumu limekaa nje usiku, umande umeingia, na lilibebewa mafuta ya kula juzi. Tone la maji linatosha kuanza kuila nozeli, na nozeli nne mpya ni bei ya kiwanja. Zile Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, iliyoanza mwaka 1990, pampu yake ni ya gia na springi na inavumilia mengi. Si bahati kwamba ndizo zilizoaminiwa kubeba wagonjwa na chanjo vijijini. Pale kompyuta haina la kuongeza.

Pili ni maji. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotupiga na barabara ya Dar es Salaam kukatika upande wa Kilwa, nilipokea magari yaliyolala kwenye maji. La zamani nilimwaga oili, nikakausha distributa juani, nikabadilisha mafuta ya gia, likaondoka baada ya siku mbili. La kisasa maji yalikuwa yamefika chini ya kiti, kwenye soketi za mifuko ya hewa na kompyuta ya bodi, na kila baada ya wiki lilizua ugonjwa mpya. Lile sikuliweza. Nilimwambia mwenyewe kweli, akaliuza kwa spea.

Tatu ni uzee wa bodi za elektroniki, na hili linakuja kwa kasi. Kontroo boksi za miaka ya 1990 zina kapasita, vihifadhi umeme vidogo, zenye maji ndani. Zinakauka, au zinavuja na maji yake yanakula njia za shaba. Huyu ni mgonjwa halali, na anatibika: ukijua kushika kifaa cha kuchomea risasi, unabadilisha kapasita kwa bei ya soda chache. Jifunzeni kazi hiyo. Miaka kumi ijayo itakuwa riziki yenu, kwa sababu bodi mpya za magari yale hakuna atakayezitengeneza tena.

Nne, funguo zenye chipu na kompyuta zilizofungiana. Gari la kifahari la leo linaweza kuwa na kompyuta ndogo zaidi ya 70, na nyingine ukiibadilisha haikubaliani na wenzake mpaka programu ya kiwanda iziunganishe. Taarifa hizo mara nyingi zinauzwa ghali au hazitolewi kabisa kwa fundi wa nje. Hili linaniuma. Mtu amelinunua gari, amelipia ushuru bandarini, ni lake, halafu ruhusa ya kulitengeneza iko ng'ambo. Hakuna ubora wa chuma utakaoliokoa gari la namna hiyo likifika miaka 20 hapa Mtwara.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue lipi, namuuliza kwanza: litalala wapi, litakunywa mafuta ya wapi, na likigoma nani ataligusa? Mtu wa mjini, anayekwenda Lindi na Masasi kwa lami, namwambia achukue kigari cha petroli cha miaka ya 2000 mwanzoni, chenye kompyuta chache zinazojulikana, spea zake ziko kila kona. Anayeingia vijijini kununua ufuta na korosho, dizeli ya pampu ya zamani, hata kama bei yake inamuumiza leo. Na anayeng'ang'ania lile la kifahari la Ulaya kwa sababu limeshuka bei mnadani, namwomba anioneshe kwanza fundi wa huku mwenye programu yake. Hajapatikana, asinunue.

Nimeambiwa nisizidishe muda, chakula kinapoa. Ila sikuja na maneno matupu. Chini ya ule mwembe kuna gari, boneti iko wazi, ni langu mwenyewe. Usiku nimeliwekea kosa moja. Linawaka, linamisi, na mashine ya kusoma makosa mtaiona inasema namba ambayo itawavuta mnunue kitu. Spea sijaleta hata moja. Testa hii hapa, msasa huu hapa. Mwalimu, nipe vijana watatu, na madereva wasogee waone. Nani anaanza?